BAHARI NAYO INA WENYEWE: HIFADHI YA MAFIA NA SISI WA ILEMBULA

(Hotuba ya Afisa Elimu wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi waliokutana Ilembula. Inachapishwa hapa kwa ombi la wajumbe, ili ipate kusomwa katika mikutano ya vyama.)



Nimetakiwa niseme nanyi juu ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, mahali ambapo watu huingia majini kwa miwani, kwa mitungi ya hewa na kwa vyombo vidogo vya kasia, ili wayaone kwa macho yao maisha yaliyo chini ya bahari. Nilipata nafasi ya kuyaingia maji hayo, na viongozi wetu wakaona yafaa niyalete hapa niliyojifunza. Najua wapo miongoni mwenu wanaojiuliza, mkulima wa Ilembula, mtu wa mahindi, maharage na alizeti, ana shauri gani na bahari ambayo huenda hajaiona hata siku moja? Swali hilo ni la haki, na kabla ya kuwapeleka baharini sina budi kulijibu.

NJIA YA MAJI YETU

Mvua inyeshayo katika vilima vyetu haipotei. Maji ya upande huu wa Wanging'ombe huteremka kuelekea bonde la Usangu na kuingia katika Mto Ruaha Mkuu. Yale ya upande wa Njombe mjini hushika njia ya Mto Ruhuji kwenda Kilombero. Ruaha Mkuu hupita katika ardhi chepechepe ya Ihefu, ukaikata Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ukajaza bwawa la Mtera, kisha la Kidatu, na mwishowe ukaungana na Rufiji. Kilombero nayo huingia Rufiji. Basi njia ni mbili, lakini mwisho wake ni mmoja: mdomo wa Rufiji, wenye matawi mengi na msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000. Mkabala na mdomo huo, ng'ambo ya mlango wa bahari, ndipo kilipo Kisiwa cha Mafia.

Kwa hiyo, Ndugu Wajumbe, sisi ni watu wa pwani kwa njia ya maji. Mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikishwa katika Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye thamani kwa dunia nzima. Mlango wa eneo hilo uko baharini, lakini nyuma ya nyumba ni huku kwetu.

HIFADHI NI KITU GANI

Jambo la kuitenga sehemu ya bahari si geni sana katika Afrika Mashariki. Kenya ilitenga Malindi na Watamu mwaka 1968. Hapa kwetu, mwaka 1975, maji yanayozunguka visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini karibu na Dar es Salaam yalitangazwa kuwa maeneo tengefu. Baadaye ikatungwa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Namba 29 ya mwaka 1994, na chini ya sheria hiyo Mafia ikawa hifadhi ya bahari ya kwanza nchini mwaka 1995. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 822. Inachukua sehemu ya kusini na mashariki ya Mafia, pamoja na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, na makao yake yako Utende.

Napenda mlitambue jambo moja mapema. Hifadhi hii haikuanzishwa mahali pasipo watu. Ndani ya mipaka yake mna vijiji zaidi ya kumi, na watu wake wamekuwa wavuvi tangu enzi na enzi. Katika Juani yapo magofu ya mji wa Kua, wenye misikiti na nyumba za mawe, ushahidi kwamba watu wa huko walikwisha kuwa na miji na biashara ya baharini kabla ya wageni wa Ulaya kuja kutawala. Kwa sababu hiyo hifadhi imegawanywa kama shamba lenye vipande vya kazi mbalimbali. Kuna sehemu ya kiini, ambamo haruhusiwi mtu kuvua kitu chochote. Kuna sehemu ambamo wenyeji huvua kwa zana zilizoruhusiwa tu. Na kuna sehemu ya matumizi ya jumla, ambayo nayo ina sheria zake. Mgeni huingia kote humo kwa kulipa kiingilio, na raia wa Tanzania hulipa kidogo kuliko mtu wa nje.

NJIA TATU ZA KUIONA BAHARI

Mtu anayetaka kuyaona yaliyomo anazo njia tatu, na kila moja humfundisha jambo ambalo nyingine haimfundishi.

Ya kwanza ni kayaki, yaani mtumbwi mwembamba unaokaliwa na mtu mmoja au wawili, unaoendeshwa kwa kasia lenye bapa mbili. Hauna injini, haupigi kelele, na hupita mahali penye maji ya magotini. Chombo hiki ndicho kifaacho kuingia katika vijito vya bahari vilivyo baina ya mikoko kandokando ya Ghuba ya Chole. Humo ndimo mtu anapoelewa maana ya mikoko. Mizizi ya mkoko wenyewe imejipinda juu ya tope kama miguu ya buibui, na ile ya mchu imesimama wima kama penseli zilizochomekwa. Katikati ya mizizi hiyo wamejaa samaki wachanga, kaa na kamba wadogo, ambao samaki wakubwa hawawezi kuwafuata. Mikoko, kwa ufupi, ni kitalu. Sisi tunaootesha miche tunajua kwamba aharibuye kitalu ameharibu shamba la miaka ijayo, hata kama shamba lenyewe hajaligusa.

Kayaki hufundisha pia heshima kwa maji kupwa na kujaa. Mara mbili kila siku bahari hupanda na mara mbili hushuka, na wakati wa bamvua tofauti yake huweza kupita mita tatu. Anayepiga kasia bila kuuliza saa za maji atajikuta amekaa juu ya tope, akingoja bahari irudi. Wazee wa pwani husema kwamba bahari haishi zinge. Maana yake ni kwamba misukosuko yake haina mwisho, na mwenye busara huifuata saa ya bahari badala ya kuilazimisha ifuate yake.

Njia ya pili ni kuelea juu ya maji kwa miwani ya kioo, bomba fupi la kupumulia na mapezi ya miguuni. Njia hii hata mtu asiyejua sana kuogelea aweza kuijaribu, akiwa amevaa jaketi la kuokolea na yuko pamoja na mwongozaji. Uso hutazama chini, bomba huchungulia juu, na mtu anapumua polepole. Dakika za kwanza ni za hofu, kwa kuwa mwili haukuzoea kupumua huku uso umo majini. Hofu ikishapita, macho hufunguka. Chini yako, mita mbili tatu, umetandazwa mwamba wa matumbawe, mengine kama vichwa vya mawe, mengine kama matawi ya mti, mengine kama meza pana. Pono wanaguguna mwamba na sauti ya meno yao inasikika wazi; mchanga mweupe tunaousifu ufukweni, sehemu yake kubwa imepita matumboni mwa samaki hao. Tasi wanakula majani. Chewa amejificha katika pango. Katika maji ya Mafia zimehesabiwa aina zaidi ya 400 za samaki.

Njia ya tatu ni kuzamia kwa mtungi wa hewa, na hii haifanywi na mtu asiyefundishwa. Kila mita kumi unazoshuka, uzito wa maji juu yako huongezeka sawasawa na uzito wa hewa yote ya angani. Kwenye kina cha mita kumi hewa iliyo mapafuni husongwa ikawa nusu. Na mtu akiivuta hewa ya mtungi kule chini, kisha akaizuia huku anapanda, hewa hiyo itatanuka na kuweza kumpasua mapafu. Kwa hiyo amri ya kwanza ya mzamiaji ni kutozuia pumzi kamwe. Amri ya pili ni kupanda polepole, kwa sababu hewa iliyoyeyuka katika damu ikitoka kwa haraka hufanya mapovu, na mapovu hayo huumiza viungo, hulemaza, na hata huua. Kwa sababu hiyo hiyo aliyezamia haruhusiwi kupanda ndege hadi saa nyingi zipite, na waalimu wengi hushauri siku nzima.

Amri ya tatu ndiyo iliyonigusa kama mwanaushirika. Hakuna anayezamia peke yake. Watu hushuka wawili wawili, na kabla ya kushuka kila mmoja hukagua mikanda, mtungi na kipimo cha hewa cha mwenzake. Mmoja akiishiwa, mwenzake humpa mdomo wa pili wa mtungi wake na wote wawili hupanda pamoja. Kwa kuwa chini hapasemeki, wana lugha ya mikono. Dole gumba likielekea juu, kama tunavyofanya kusema mambo ni mazuri, kule chini maana yake ni "tupande juu". Anayetaka kusema yu salama hukutanisha kidole gumba na cha shahada vikawa duara. Ishara moja ikieleweka vibaya yaweza kuleta hatari. Basi huafikiana lugha kwanza, ndipo washuke. Vyama vingapi vimeingia katika matatizo kwa sababu wanachama na viongozi waliingia katika jambo kabla ya kuafikiana maana ya maneno?

Mahali panaposifiwa sana na wazamiaji wa Mafia ni Mlango wa Kinasi, unaounganisha Ghuba ya Chole na bahari kuu. Huingiwa wakati maji yanapojaa, ili mkondo uwaelekeze watu ndani ya ghuba. Maji yanapokupwa mkondo huwavuta kwenda nje, kwenye bahari isiyo na ukingo. Kadiri mtu anavyoshuka rangi nyekundu hufifia kwanza, na dunia yote huwa ya buluu. Huko nimeona kasa akipita bila haraka, na taa mkubwa amelala mchangani.

Nje ya mipaka ya hifadhi, upande wa magharibi karibu na Kilindoni, huja papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, awezaye kupita mita kumi na mbili, ambaye hata hivyo chakula chake ni viumbe vidogo anavyovichuja majini. Huonekana zaidi kati ya Oktoba na Februari au Machi, na uchunguzi umeonyesha kuwa baadhi yao hawaendi mbali hata miezi mingine. Potwe huja upande huo kwa sababu maji yake yana rutuba ya vijidudu, na rutuba hiyo kwa sehemu ni zawadi ya Mto Rufiji. Hapo, ndugu zangu, mchango wa mito yetu umekwisha onekana.

TUMBAWE NI CHAMA CHA USHIRIKA

Nilifikiri, kama wengi wanavyofikiri, kwamba tumbawe ni jiwe. Sivyo. Tumbawe ni mji uliojengwa na wanyama wadogo sana, maelfu kwa maelfu, kila mmoja akijenga kikombe chake cha chokaa juu ya vikombe vya waliomtangulia. Ndani ya mwili wa kila mnyama huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mnyama huipa mimea makao na usalama. Mimea hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenye nyumba. Hakuna anayeweza kuendelea bila mwenzake. Kazi yao ni ya haba na haba: tumbawe la namna ya kichwa cha jiwe huongezeka kama sentimita moja tu kwa mwaka. Tumbawe lenye kimo cha mtu mzima ni kazi ya zaidi ya miaka mia moja.

Ushirika huo una adui wawili wakuu. Wa kwanza ni joto. Maji yakizidi joto la kawaida kwa digrii moja au mbili tu kwa majuma kadhaa, mnyama huitapika mimea yake, hubaki mweupe kama mfupa, na hali ikiendelea hufa kwa njaa. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi, na miamba ya Tutia iliyo kusini mwa Mafia iliumia vibaya. Mwaka 2016 joto lilirudi tena katika bahari hii. Jambo hili hakuna kijiji kinachoweza kulizuia peke yake. Lakini mwamba wenye samaki wake na wenye maji safi hupona upesi zaidi kuliko mwamba uliokwisha dhoofishwa.

Adui wa pili ni sisi wanadamu. Kwa miaka mingi wako waliovua kwa baruti. Mlipuko mmoja huua samaki wote, wakubwa kwa wadogo, wengi wao wakazama wasiokotwe, na huvunja kwa nukta moja kazi ya karne nzima. Wako waliokokota juya juu ya mwamba. Wako waliochimba matumbawe hai wakayachoma wapate chokaa ya kujengea. Bandu bandu huisha gogo, na gogo la Mafia lilikuwa linakwisha.

ALIYEFUNGIWA ALIPWE

Sasa nafika kwenye kiini cha maneno yangu. Ni rahisi kwa mgeni aliyevaa miwani kuusifu uzuri wa mwamba usiovuliwa. Lakini mwamba ule mtu fulani alikuwa akiuvua, na watoto wake walikula kwa huo. Hifadhi ilipoanza, wenyeji wengi waliiunga mkono kwa sababu walitaka wavuvi wa baruti waondolewe. Baadaye, mipaka na zana zilipoanza kuwahusu wao wenyewe, manung'uniko yalitokea, hasa Jibondo, kisiwa cha wavuvi na mafundi wa vyombo ambao hawana mashamba ya kutosha ya kutegemea. Waliuliza: mmetufungia bahari, na mapato ya wageni yanakwenda wapi? Wanaushirika hatuna haki ya kulidharau swali hilo. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa kwa amri, wanachama hawakuombwa idhini, na havikuruhusiwa tena kisheria mpaka mwaka 1982. Miaka ile ilitufundisha kwamba kitu kinachoamriwa kutoka juu, hata kwa nia njema, hukosa walinzi wa kweli.

Yaliyofanikiwa Mafia ni yale ambayo mwenye kufungiwa alipata cha kushika mkononi. Wavuvi waliosalimisha juya walisaidiwa kupata nyavu na zana nyingine. Sehemu ya fedha za viingilio hurudi vijijini. Katika pwani ya Juani, ambako kasa hutaga, wanakijiji ndio wanaolinda viota; mayai yakianguliwa wageni hulipa kuja kuwatazama watoto wa kasa wakikimbilia majini, na sehemu ya malipo hayo huingia katika mfuko wa kijiji. Yai la kasa lililoliwa lina thamani ya mlo mmoja. Lililoachwa huleta fedha kijijini, na pengine baada ya miaka ishirini au thelathini humrudisha kasa aje kutaga pwani ile ile. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee.

Zanzibar nayo inao mfano wake. Kisiwa cha Chumbe, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na miongoni mwa walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa maji yale yale. Huko wageni hawaruhusiwi kuzamia kwa mitungi. Huelea kwa miwani na bomba tu, ili mwamba usisumbuliwe. Mapato ya wageni huwezesha wanafunzi wa Zanzibar, wasichana kwa wavulana, kupelekwa kuiona bahari yao wenyewe kutoka chini.

Mfano unaonivutia kupita yote ni wa pweza. Pweza hukua kwa haraka ya ajabu na maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja au kupita kidogo. Mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, nchi ambayo watu wa pwani huiita Bukini, walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi michache. Siku ya kufungua waliwakuta pweza wakubwa na wazito. Habari zikaenea, na desturi hiyo ikaingia katika vijiji vya Pemba na vya Mafia. Wanaovua pweza kwa miguu wakati maji yamekupwa ni akina mama kwa sehemu kubwa, na wao ndio wanaosema mwamba ufungwe lini na ufunguliwe lini. Je, hiyo si akiba? Mwanachama wa SACCOS yetu huweka fedha asizile leo, apate zaidi kesho. Akina mama wale wameweka amana yao chini ya maji.

YATUPASAYO SISI

Ndugu Wajumbe, tumeona ya pwani. Turudi sasa kwenye vilima vyetu. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sababu ni nyingi, na kubwa zaidi ni matumizi ya maji katika tambarare ya Usangu; lakini chemchemi za mto huo ni pamoja na zetu. Sitaki kuwadanganya kwamba kila tope linalotoka Ilembula huenda likafunika tumbawe la Chole. Tope jingi hubaki Ihefu, Mtera na Kidatu, na sasa lipo pia Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Tena matumbawe mazuri ya Mafia yako mashariki na kusini, ambako kisiwa chenyewe huyakinga na maji ya mto. Lakini mabwawa yale yakijaa tope, taa zitakazozimika ni pamoja na zetu. Na mikoko ya Rufiji, kamba wake na potwe wa Kilindoni wanauhitaji mto ufike, tena ufike na maji matamu kila mwaka. Bahari inahitaji mto hai, na mto hai huanzia kwenye chemchemi iliyotunzwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sote twaijua, na sote twajua pia vilipo vinyungu vyetu. Kinyungu ndicho kinachompa mama mahindi mabichi na mboga za kiangazi, na fedha ya sare za shule. Kumwambia aondoke bila kumwonyesha pa kwenda ni kufanya yale yale yaliyoleta manung'uniko Jibondo. Kwa hiyo napendekeza kwamba vyama vya msingi vilijadili jambo hili kama jambo la ushirika, nalo lisiachwe kuwa ugomvi kati ya mkulima mmoja na afisa. Napendekeza yafuatayo:

Kwanza, kila chama kiorodheshe chemchemi na kingo za mito zilizo katika eneo lake, na majina ya wanachama wanaolima ndani ya mita 60.

Pili, mkutano mkuu uamue jinsi ya kumfidia mwanachama atakayeondoka: kipande cha ardhi mahali pengine, mizinga ya nyuki, miche ya matunda, au mkopo nafuu. Gharama hiyo ibebwe na wote, kwa sababu maji ni ya wote.

Tatu, mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi. Ipandwe miti ya asili, na mashamba ya mteremkoni yachimbwe makinga maji.

Nne, vyama vyetu vijiunge na jumuiya za watumia maji, ili sauti yetu ifike kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iliyoko Iringa.

Tano, Chama Kikuu kiandae ziara ya mafunzo ya wajumbe wachache kwenda Mafia. Mtu hupanda basi hadi Dar es Salaam, kutoka hapo hadi Nyamisati, na chombo cha baharini humvusha hadi Kilindoni. Wajumbe waende wakati wa kaskazi, kati ya Oktoba na Machi, bahari inapokuwa shwari zaidi, wasiende wakati wa masika. Nusu ya wajumbe hao wawe akina mama, nao waonane na akina mama wavuaji wa pweza. Na sisi tuwaalike wenzetu wa Juani na Jibondo waje waone mahali ambapo maji ya Rufiji huanzia.

Nilipokuwa Mafia niliulizwa ninatoka wapi. Nikasema Njombe. Wakaniambia, "Mbali sana huko." Nikawajibu kwamba maji yao ya mto hutoka kwetu. Wakanyamaza kidogo, kisha mzee mmoja akasema, "Basi mtutunzie." Ujumbe huo, Ndugu Mwenyekiti, naukabidhi kwa mkutano huu, nikiomba kwamba pendekezo la kwanza lipigiwe kura leo kabla hatujatawanyika, maana mvua za mwaka ujao hazitatungoja.